Mstari Uliokataa Kupita Kwenye Sifuri

9 Machi

Mwalimu wangu, mtoto wa kaka yangu,

Salamu zangu zikukute umeshakula na umeshapumzika. Huku nyumbani hatuna mgonjwa. Bibi yako ni mzima kupita kiasi. Jana kagombana na mtangazaji wa hali ya hewa redioni, na kwa maelezo yake yeye ndiye aliyeshinda. Baba yako alipita Jumapili, akatengeneza bomba la jikoni ambalo lilikuwa halivuji. Sasa linavuja.

Usishangae kupata barua badala ya simu. Najua simu yako haishiki mtandao mpaka upande juu ya tangi la maji la shule, na sitaki uvunjike mguu kwa ajili yangu. Halafu nilichonacho hakisomeki kwenye simu. Ni grafu.

Ndiyo, umesoma vizuri. Shangazi yako, mwenye miaka arobaini na mitatu na magoti mawili yanayolalamika, anasoma fizikia kila Jumamosi kwenye darasa la watu wazima. Sababu ni hii. Kiwandani wameagiza mashine mpya ya kupaka rangi. Kazi yangu unaijua: fremu za viti vya shule zinaning'inizwa kwenye kulabu, mimi nashika bunduki ya rangi, na rangi yenyewe ni unga mkavu. Umeme unaupa unga ule chaji, unga unarukia chuma wenyewe na kung'ang'ania hapo mpaka fremu iingie kwenye oveni. Miaka kumi na minne nafanya hivyo, wenzangu wananiita Mama Unga. Sasa meneja anasema atakayesimamia mashine mpya lazima awe na cheti cha sekondari chenye fizikia ndani yake. Asiyenacho atahamia kwenye karo la kuoshea fremu kwa dawa. Nimelitazama karo lile vizuri. Silitaki.

Karatasi mbili za nadharia nilizifanya mwaka jana kimyakimya na nimezifaulu. Imebaki ya vitendo, mwezi wa Novemba. Hiyo nikianguka, nimeanguka yote.

Tumepewa kazi ya kuipeleka siku ya mtihani: tuonyeshe kwa grafu chaji na nguvu ya uga wa umeme zinavyohusiana. Kuna mpira wa chuma juu ya kinara cha plastiki. Unautia chaji. Kisanduku kimoja kinakuambia ni nanokulombi ngapi, yaani sehemu za bilioni za kitu ambacho hata kizima chake sijawahi kukiona. Sentimita thelathini kutoka hapo kuna kipimo kinachosoma nguvu ya uga, kwa volti kwa kila mita. Chaji inakaa kwenye mhimili wa chini, uga kwenye mhimili wa kusimama. Grafu yangu hii hapa ndani. Itazame uniambie ukweli, na usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa.

Shangazi yako, mwanafunzi.


28 Machi

Shangazi yangu,

Shikamoo. Na Bibi naye shikamoo yake, umpe kwa sauti ya juu asije akasema sikumsalimu. Mimi sijambo. Nafundisha fizikia, hisabati na mpira wa pete, na huo wa pete ndio ninaoufundisha vibaya zaidi. Bati moja la bwenini lilipeperuka wiki iliyopita, tukalikuta limekaa juu ya choo cha walimu, ambacho kwa kweli kilikuwa kinalihitaji.

Nimesoma barua yako nimesimama, kisha nikaisoma nimekaa. Shangazi! Karatasi mbili umefaulu na hukumwambia mtu? Ukoo mzima tunajua ulichoka shule ukiwa kidato cha nne. Kumbe ulikuwa umepumzika tu!

Sasa tuje kwenye grafu. Kwanza, nani alikuambia grafu huchorwa kwa wino? Grafu ni penseli, tena iliyochongwa. Nukta zako zimenona hadi nimezionea huruma.

La pili ndilo kubwa. Mstari wako umenyooka vizuri sana, na hivyo ndivyo inavyotakiwa: chaji ikiongezeka mara mbili, nguvu ya uga nayo inaongezeka mara mbili, almradi umbali haubadiliki. Lakini mstari wako hauanzii mahali pake. Mpira usio na chaji hauna uga. Pasipo na kitu, pasomeke sifuri. Mstari ulipaswa kuanzia kwenye kona, pale mihimili miwili inapokutana, na wa kwako umeanzia hewani, juu ya kona. Rudia. Kabla ya kila kipimo uguse mpira kwa waya wa ardhini, umalize chaji iliyobaki.

Nakupongeza hata hivyo. Nimetamba ofisini kwa walimu kutwa nzima.

Mwanao wa mlimani.


20 Aprili

Mwalimu,

Sote tuko salama. Bibi yako nimemsomea barua yako mara mbili. Ameuliza huo uga una nguvu gani, maana uga wa nyumba hii una majani tu, na hakuna anayeyakata. Nimemwambia ni uga mwingine. Hakuridhika.

Nimerudia Jumamosi tatu. Waya wa ardhini nimeugusisha mpaka mpira umechoka. Matokeo ni haya: kwa nanokulombi tano nimepata 690, kumi 1,170, kumi na tano 1,690, ishirini 2,180, ishirini na tano 2,670. Nikilaza rula, nukta zote zinakaa kwenye mstari kama fremu kwenye foleni ya oveni. Kisha mstari unashuka, unashuka, unakata mhimili wa kusimama kwenye 190, na hapo hauongei na mtu.

Wenzangu wako kumi na wanane, na mistari yao yote imepita kwenye sifuri. Wa mzee mmoja aliyestaafu posta umepita kwa utii wa ajabu, nukta zote zimelala juu yake bila hata moja kugeuza shingo. Mwalimu wetu wa Jumamosi anaitazama grafu yangu jinsi mtu anavyotazama chai iliyoingia nzi. "Rudia," anasema, kisha anaondoka, maana ana darasa zima na vyombo vya watu wachache.

Naona haya, nakuambia kweli. Kazini naweza kukuambia kwa kutazama tu kama unga umeshika au haujashika. Kule darasani mimi ndiye mjinga pekee.

Kuhusu penseli: hapana. Na usiniulize tena.

Shangazi.


11 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Naandika mbiombio, dereva wa gari la shule ameshawasha injini, na asiponichukulia barua leo itangoja wiki mbili. Huku ni mitihani; nina madaftari hadi kitandani.

Umekirudisha kipimo kwenye sifuri kabla ya kuanza? Pembeni huwa kina kitufe. Kama umefanya hivyo na bado mstari unakaidi, basi usijitese. Toa 190 kwenye kila nukta, uzisogeze zote chini. Mstari unajulikana, upo kwenye kila kitabu, na watahini wanataka kuuona ukipita kwenye sifuri. Watu wote hufanya hivyo, na hakuna atakayejua. Ndiyo maana nasema penseli: ukikosea unafuta.

Msalimie Bibi. Mwambie majani ya uga nitakuja kuyakata mwenyewe Desemba.

Mwanao.


2 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Gari la shule limeleta barua mara tatu na hakuna ya kwako. Nimepanda tangini nikampigia Baba. Anasema huumwi, unakwenda kazini, na mlango wa jikoni umeupaka rangi ya kijani. Kwa hiyo u mzima, na umeninunia.

Nimesema nini? Nimeisoma barua yangu ya Mei kichwani mara nyingi, ila sikubaki na nakala, na kichwa changu kinanipendelea. Niambie nilipokosea. Ukitaka kunikaripia nikaripie, lakini andika.

Mimi, na roho yangu iko juu.


19 Julai

Mwanangu,

Hatujambo, na mlango wa kijani umependeza. Barua hii naiandika kiwandani saa ya chakula, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kwa sababu nyumbani Bibi yako husomewa kila barua inayoingia na kutoka, na hii sitaki aisikie.

Mimi sikuchoka shule.

Nilikuwa kidato cha nne, kwenye jaribio la fizikia la kumaliza muhula. Tulikuwa na pendulamu: uzi, jiwe, msumari na saa ya kuhesabia sekunde. Grafu yangu ilitoka nzuri, isipokuwa nukta mbili zilizosimama pembeni. Nikazitazama, nikawatazama wenzangu. Nikatoa kifutio, nikazifuta, nikazipeleka kwenye mstari. Nilifuta kwa nguvu mno, karatasi ikatoboka. Tundu lenyewe dogo, punje ya mchele isingepita. Mwalimu akaikusanya, akaiinua kwenye dirisha mbele ya darasa zima, mwanga ukapita pale palipokuwa na nukta yangu. Hakugomba. Alisema tu, "Hapa palikuwa na nini?" Wakacheka. Alama zangu zikafutwa, na mimi sikurudi. Nyumbani nikasema nimechoka shule, wakaniamini, au mimi niliamini wameniamini.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba zile nukta mbili zilikuwa na haki. Uzi ulikuwa umelegea kwenye msumari. Niliuona kesho yake nilipopita nje ya darasa, kupitia dirishani, bado unaning'inia. Ningeziacha, mtu angeniambia kaza uzi, na leo ningekuwa mtu mwingine.

Ndiyo maana nachora kwa wino. Halafu wewe, niliyekubeba mgongoni, niliyekufundisha kuhesabu kwa vizibo vya soda, unaniandikia kuwa hakuna atakayejua. Mimi nitajua! Nilikasirika nikashindwa kushika kalamu, ndipo nikapaka mlango.

Nitakwenda kwa mtahini na 190 yangu. Nikianguka, nianguke nayo, na karo la dawa nitalizoea.

Kengele imelia. Sijakuchukia, usiwe mjinga.

Shangazi yako.


6 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Nisamehe. Nimelia kidogo, kisha nikajiambia kulia hakutengenezi grafu.

Nami nina la kusema, na ukishalisoma utakuwa na haki ya kupaka mlango mwingine. Jaribio hilo la chaji na uga mimi sijawahi kulifanya. Chuoni kulikuwa na kifaa kimoja na kilikuwa kibovu. Tulinakili grafu za waliotutangulia, nao walikuwa wamenakili za waliowatangulia. Zote zilipita kwenye sifuri, safi kabisa. Hapa shuleni kifaa hatuna. Miaka minne nachora ubaoni mstari ambao sijawahi kuuona ukizaliwa, na wanafunzi wanauandika kwa sababu wananiamini. Nilikuambia usogeze nukta kwa sababu hivyo ndivyo nilivyosomeshwa, na kwa sababu niliogopa ungeniuliza swali la pili.

Kwa hiyo mstari wako wenye 190 ndio wa kwanza wa kweli niliouona maishani. Nimeubandika ukutani juu ya kitanda.

Sasa nisaidie nikusaidie. Nukta zako zimenyooka, kwa hiyo mkono wako hautetemeki na macho yako yanaona. Kuna kitu kinaongeza kiasi kilekile kila mara. Niandikie kila jambo mikono yako inalofanya, tangu unapovuka mlango wa darasa hadi unapotoka. Hata upuuzi. Hasa upuuzi.

Mwanao anayejifunza.


24 Agosti

Mwalimu mwenye grafu za kunakili,

Nimecheka, kwa hiyo umesalimika. Magoti hayajambo. Baba yako amekuja kutengeneza bomba alilolitengeneza. Sasa tunafunga kwa kamba.

Umetaka upuuzi, haya shika. Naingia. Naweka mkoba kwenye kiti cha mbele ili mzee wa posta asikikalie. Nasalimia watu, na mzee wa posta naye namsalimia. Nanawa mikono na kuikausha, maana unga wa rangi hautoki kwenye kucha. Navaa miwani. Kipimo nakichukua kabatini, nakirudisha kwenye sifuri palepale kabatini, ndipo nakileta mezani. Napangusa meza. Napangusa kinara, kuanzia juu mpaka chini, kama kazini. Chombo kisichopanguswa mimi sikigusi. Nagusisha mpira waya wa ardhini. Natia chaji. Nasoma kisanduku. Napima sentimita thelathini kwa rula ya mbao. Najizuia kupumua, sijui kwa nini. Nasoma kipimo. Naandika, kwa wino. Kisha napangusa tena kinara na kuanza upya na chaji nyingine.

Wenzangu hawapangusi kitu. Kinara chao kina vumbi la tangu mwaka uliozaliwa, na alama za vidole vya watu waliokwishahama mji. Ndio hao mistari yao inapita kwenye sifuri! Dunia haina haki.

Niambie upuuzi uko wapi katika hayo, maana mimi naona adabu tupu.

Shangazi.


10 Septemba

Shangazi, shikamoo, Bibi shikamoo, wote wazima, mimi mzima, SIKILIZA.

Leo asubuhi napangusa meza yangu ya ofisini. Ni ya plastiki. Chaki imetapakaa juu yake, nami nina kitambaa nilichokata kwenye sweta kuukuu la sufu. Napangusa, vumbi linarudi. Napangusa kwa nguvu zaidi, vumbi linarudi kwa nguvu zaidi, na vipande vya karatasi navyo vinakuja kushika. Nikasimama na kitambaa mkononi kama mtu aliyesahau jina lake mwenyewe.

Unapangusia nini, Shangazi? Kama ni kitambaa kikavu, basi kila ukipangusa kinara unakitia chaji. Waya wa ardhini unasafisha mpira kwa sababu mpira ni chuma. Plastiki haisafishiki hivyo, chaji yake inakaa palepale. Na kipimo unakirudisha kwenye sifuri kabatini, mbali na kinara, kwa hiyo hakijui kilichopo mezani mpaka ukilete. Mpira unatoa uga wake, kinara kinaongeza wa kwake, 190 kila mara. Na ni kilekile kila mara kwa sababu wewe unapangusa sawasawa kila mara, kama unavyopaka rangi. Mtu mvivu angepata nukta zilizotapakaa ovyo. Wenzako hawapangusi, ndiyo maana kinara chao hakisemi kitu.

Tazama pia mwinuko wa mstari wako. Kila nanokulombi moja inaongeza karibu 99. Kwa umbali wa sentimita thelathini kitabu kinasema mia. Grafu yako haikukosea hata siku moja. Ilikuwa inakuambia mezani kuna chaji nyingine ambayo hukuihesabu. Na mimi nilikuambia uinyamazishe.

Pangusa kwa kitambaa chenye unyevu, ungoje kinara kikauke, upime upya. Pima na sifuri yenyewe pia.

Ndani ya bahasha kuna penseli. Ina kifutio nyuma. Sisemi lolote.

Mwanao.


5 Oktoba

Mwanangu,

Tumefika salama hadi Oktoba, sote watatu, mimi, Bibi yako na mlango wa kijani.

Kitambaa ni mkono wa sweta la baba yako la shule. La sufu. Kikavu. Niliposoma barua yako nilikaa chini, kisha nikacheka mpaka Bibi yako akaja na maji. Ngoja nikuambie kwa nini. Chumba cha rangi kiwandani kina tangazo ukutani: USIPANGUSE KULABU ZA PLASTIKI KWA KITAMBAA KIKAVU, RANGI ITASHIKA KWENYE KULABU. Lina miaka mitatu. Nililiandika mimi, kwa mkono wangu, kwa herufi kubwa, kwa wino! Kila anayeajiriwa namsimamisha mbele yake na kumsomesha. Halafu Jumamosi natoka hapo nakwenda kupangusa plastiki kwa sufu mara tano na kulia kwamba dunia haina haki. Sikudhani kinara na kulabu wanajuana. Ya kazini niliyaacha kazini, ya darasani yakawa ya darasani.

Nimepima upya. Pasipo na chaji, 10. Tano, 510. Kumi, 990. Kumi na tano, 1,500. Ishirini, 1,990. Ishirini na tano, 2,480. Mstari umeshuka mpaka kwenye kona na kukaa.

Wa zamani sikuuondoa. Nimeichora yote miwili kwenye karatasi moja, mmoja juu ya mwenzake. Inakwenda sambamba, haikaribiani wala haiachani. Wa juu nimeuandikia "kinara kimepanguswa kikavu", wa chini "kinara hakina chaji". Mwalimu wa Jumamosi anasema niache wa chini peke yake, wa juu utamchanganya mtahini. Nimemwambia achanganyikiwe.

Penseli imefika. Nimeiweka kwenye droo. Tusikimbizane.

Tena, Bibi yako nimemsomea. Zote, hata ile ya kwenye ndoo, nimemhadithia. Alikuwa anachambua mchele na hakuacha. "Nilijua," akasema. "Mwalimu wako alikuja hapa wiki ileile kukuita urudi. Nikagonga mlango wako, ukasema umechoka shule." Nikamuuliza kwa nini hakuniambia miaka yote hii. "Nilisema akishachoka kuchoka, atasema mwenyewe."

Nilimkumbatia, mchele ukamwagika.

Shangazi yako.


16 Novemba

Mwanangu, mwalimu wangu,

Nimefaulu. Nimeanza na hilo kwa sababu najua vinginevyo ungeruka mpaka chini. Vitendo husahihishwa siku hiyohiyo; cheti kitakuja, meneja ameshaambiwa, mashine mpya tayari nimeipangusa, kwa kitambaa chenye unyevu. Bibi yako anawaambia majirani nimesomea uga. Baba yako amekuja kunipongeza na ufunguo wa mabomba. Nimempokea, ufunguo nikaufungia kabatini.

Sasa sikiliza ilivyokuwa. Mtahini ni mama mmoja mfupi, hacheki. Akaitandaza grafu yangu mezani, akaweka kidole kwenye mstari wa juu. "Huu ni wa nini?" "Huo ni wa kitambaa," nikasema. Nikamweleza kinara, sufu, kulabu, tangazo langu, yote. Akaniuliza kwa nini sikuutoa. Nikamwambia niliupima, kwa hiyo upo. Akamwita mwenzake wa meza ya pili aje kutazama, wakaongea kwa sauti ndogo, na yule wa pili akauliza kama anaweza kuinakili kwa ajili ya wanafunzi wake. Nikasema mwanangu atafurahi kusikia kuna grafu ya kunakiliwa yenye makosa yake ndani.

Nikadhani nimemaliza. Kumbe kuna sehemu ya pili: unapewa jedwali la namba mpya na karatasi ya grafu, unachora palepale. Juu imeandikwa: penseli tu.

Nilikuwa na penseli yako mkobani. Niliichukua asubuhi, sikujua kwa nini. Nikaweka nukta ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya tatu ikasimama chini kabisa, mbali na wenzake. Nikarudi kwenye jedwali. Wameandika 1,500, mimi nimeiweka kwenye 1,050. Macho yangu tu.

Mwanangu, nikailaza penseli mezani. Nilikuwa na miaka kumi na saba, na dirisha lilikuwa palepale kushoto kwangu. Nikafikiri niiache, nipoteze alama, basi. Halafu nikaona huo nao ungekuwa uongo, maana jedwali halikusema 1,050. Nikainua mkono. Mtahini akaja. Nikasema, na sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyotaka, chumba kizima kikageuka: "Naomba kufuta nukta hii. Nimeisoma vibaya. Siifuti kwa sababu inaharibu mstari."

Mzee wa posta aliacha kuandika. Mtahini alinitazama, akatazama jedwali, akatazama nukta. "Mama," akasema, "futa. Kifutio kiliwekwa kwa ajili hiyo."

Nikafuta, polepole. Nikaiweka kwenye 1,500. Nikachora mstari, nikaandika mwinuko wake, nikaongeza jina langu. Kisha kabla ya kuikabidhi niliinuka, nikaenda mpaka dirishani mbele ya wote, nikaiinua karatasi kwenye jua. Niliitazama yote, kona hadi kona. Haikuwa na tundu.

Njoo Desemba ukate majani. Penseli yako nitakuwa nayo.

Shangazi yako.